Mlo wa Kwanza wa Frumet

"Hivi Frumet, siku yako wewe ya msiba ikifika, nani atakuokea?"

Aliyeuliza ni Cirla, jirani yake wa ukuta mmoja, walipokuwa wakipeleka begeli, mikate ya duara yenye tundu katikati, kwenye nyumba ya msiba. Frumet alicheka mpaka kikapu kikataka kumponyoka.

"Si wewe, shoga, unayeunguza hata maji."

"Basi utalala na njaa, mama!"

Mji ule mdogo wa Wayahudi, jirani na Krakow, wote ulikula begeli za Frumet. Yeye alikanda na kusokota. Mumewe Getzel alizichemsha, kwani begeli lazima ipite kwanza kwenye maji yanayotokota ndipo iingie tanurini, ipate ngozi ya kung'aa na moyo mzito. Mwanamke akijifungua alipelekewa begeli, kama walivyopelekewa bibi za bibi zao. Na mtu akifa, begeli na mayai, kwa kuwa duara halina mwisho, na Mungu ndivyo alivyoyazungusha maisha.

Siku ikafika. Getzel alifariki alfajiri, akazikwa kabla ya adhuhuri. Frumet aliporudi kutoka makaburini alikaa kwenye kigoda, nguo yake imechanwa kifuani kama ilivyo desturi ya mfiwa. Mlo wa kwanza baada ya maziko mfiwa hali chakula cha kwake; sharti utoke mkononi mwa jirani, na uliwe kabla jua halijatua, ajue kwamba walio hai bado wanamhitaji. Na anayeingia hasemi kitu mpaka mfiwa aseme kwanza.

Majirani wakaingia kimya. Wa kwanza alileta mayai. Wa pili mayai. Wa tatu naye, mayai. Kila mmoja aliona haya kumpelekea Frumet mkate, akajiambia mwenzake ataleta. Meza ikawa kama kiota cha kuku mwendawazimu. Rafuni zilikuwepo begeli alizosokota jana yake, lakini hizo ni zake mwenyewe, hazifai.

Frumet hakugusa hata yai moja. Moyoni alisema: misiba yote ya mji huu nimeilisha, na leo hakuna aliyenikandia hata donge. Kumbe sihitajiki. Alikokwenda Getzel ndiko kwangu.

Cirla, aliyekuwa amesimama mlangoni na mayai yake, aliitazama meza, akamtazama rafiki yake usoni, akageuka kwenda kwake.

Mchana ukasogea. Halafu upande wa pili wa ukuta ikasikika sufuria ikianguka, na sauti ya Cirla ikijigombeza: "Umuka basi, wee donge, jua linatua! Mama wee, linazama!"

Waombolezaji wakauma midomo wasicheke. Frumet aliinua kichwa kidogo. Angeuacha unga upumzike, aliwaza.

Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya mapaa Cirla alipoingia, kitambaa cha kichwa kimejaa unga, vidole vyekundu kwa kuungua. Akamwekea Frumet sahani mapajani. Begeli zenyewe zilikuwa zimevimba zikazibika katikati, nyingine zimeungua ubavu. Cirla akasimama, mikono ndani ya aproni, asithubutu kusema.

Frumet akaigeuza moja, akaigeuza tena.

"Cirla. Tundu umelipeleka wapi?"

"Lilikuwepo, shoga! Haki ya Mungu, lilikuwepo nilipoitia majini!"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Frumet naye akacheka, na kicheko hakikufika mbali kikageuka kilio, cha kwanza tangu alfajiri. Wakamwacha alie. Kisha akajifuta, akasoma baraka ya mkate, akauma. Ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu. Akatafuna polepole, akameza.

"Umezitoa majini mapema," alisema.

"Nilingoja mpaka ziibuke."

"Zikiibuka bado. Getzel alikuwa…" Akauma kipande kingine, akakitafuna mpaka kikaisha. "Getzel alikuwa anazisomea zaburi. Ile fupi kuliko zote. Ikiisha, anaopoa."

"Kumbe! Na mimi nilidhani anaombea wateja."

"Aliwaombea pia. Wengine hawalipi."

Alikula begeli ile mpaka makombo, na nusu ya nyingine, na yai moja. Nje jua likatua.

Kwenye nyumba ya msiba hakuna kuagana. Cirla alimpangusa Frumet unga uliomdondokea magotini, akachukua sahani yake, akatoka.