Ngazi za Kwenda kwa Khulood

Edith alikuwa amekaa Matrah, mtaa wa kale wa Maskati kule Omani, wiki tatu bila kujua jina la jirani hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuandika manukuu ya filamu, yale maandishi yanayopita chini ya skrini. Ilitaka kompyuta na intaneti tu, na kwa mwaka mzima alihama nayo mji hadi mji. Kabla ya hapa aliishi Chiang Mai, kule Thailand, katika mji mkongwe uliozungukwa na mfereji wa maji. Vichochoro vyote vya mahekalu alivijua, watu hakuwajua.

Jumatatu moja intaneti ya chumbani kwake ilikatika, naye alitakiwa kupeleka filamu kabla ya saa kumi. Alipotoka na kompyuta mkononi, akasikia nyuma ya mlango wa pili mtu akigomba kwa Kiswahili: "We paka, shuka mezani!"

Akabisha. Akafungua bibi wa miaka sitini na kitu, ameegemea mkongojo.

"Shikamoo, mama. Naitwa Edith, natoka Nakuru. Intaneti yangu imekufa. Naomba kutumia yako, saa moja tu."

"Marahaba. Wiki tatu nnakusikia unafunga mlango, kumbe Kiswahili unacho! Pita, mwanangu. Mie Nasriya."

Kazi ilipokwisha, Bi Nasriya alileta chai ya maziwa na vitumbua, akamuuliza huenda wapi kila alasiri.

"Natembea tu, naangalia mji."

"Zile ngazi za nyuma ya msikiti umezipanda?"

"Jana. Huko juu kuna nyumba ya mlango wa buluu."

Bi Nasriya akaweka kikombe chini. "Ndo kwa Khulood hapo."

Khulood alikuwa shoga yake tangu utoto wao Unguja. Walihamia Maskati mwaka uleule mmoja. Lakini tangu Bi Nasriya aanguke na kuvunjika nyonga, miaka miwili sasa, walizungumza kwa simu tu. Mwanawe Marwan alimpeleka kila mahali kwa gari, na kule juu gari halifiki. Khulood naye macho yalikuwa yamefifia, hathubutu kushuka.

"Nipeleke," akasema Bi Nasriya.

"Daktari hajakukataza?"

"Daktari kanambia nitembee. Aliyenikataza Marwan."

Walianza kidogo kidogo. Siku ya kwanza waliishia penye kona ya kichochoro. Siku ya nne wakafika dukani. Wiki ya pili, msikitini. Alhamisi iliyofuata wakazikabili ngazi.

Katikati Bi Nasriya aliketi. "Basi. Mguu umekataa. Turudi."

Edith alizoea kutembea haraka, na angekuwa peke yake angeshafika juu, apige picha, ashuke. Akaketi naye. Nyumba ya jirani ilikuwa inafukizwa ubani.

"Mamako yu hai?" Bi Nasriya akauliza.

"Yuko. Huwa namtumia picha za miji ninayokaa."

"Na wewe umo humo?"

Edith akafikiri. "Mara nyingi simo."

Bi Nasriya akajikanda goti. Kisha akanyoosha mkono. "Ninyanyue. Zimebaki ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Walipofika, Bi Nasriya aligonga mwenyewe.

"Nani?" Khulood akauliza, mlango nusu wazi.

"Mie."

"Mie nani?"

"Wallahi, Khulood, hata sauti hunijui?"

Khulood akampapasa uso, kipaji mpaka kidevu, akaanza kulia, halafu akagomba: "Mbona hukupiga simu kwanza! Hata halua sina ndani!" Wakakumbatiana pale pale mlangoni, mkongojo ukaanguka, Edith akauokota.

Marwan alikuja karibu na magharibi, baada ya mama yake kumpigia simu kumwambia aliko. Alipanda mbio, kanzu yake ya dishidasha imemganda mgongoni kwa jasho, pumzi juu juu. Alimkuta mama yake kwenye busati, miguu kainyoosha, anacheka mpaka machozi. Maneno aliyoyapanga njiani hakuyasema. Akavua viatu, akaketi.

"Kahawa ipo?" akauliza.

Marwan na Edith walimshusha Bi Nasriya wakimshika huku na huku, ngazi moja moja, nusu saa nzima. Walipofika chini Bi Nasriya akatangaza kwamba Alhamisi ijayo anarudi.

Marwan akamgeukia Edith. "Alhamisi kazi unamaliza saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi ningojeeni. Tutapanda sote."