Mkono wa Poda

Hivi wewe ulipata kuona kete ya keram ikipigwa na isisimame? Mimi nimeiona, kwenye kompyuta ya mjukuu wangu Mundhir, hapa hapa nyumbani kwetu Ngamiani. Kete ilikwenda ikagonga ukingo, ikarudi, ikagonga ukingo wa pili, ikarudi tena, na lau Mundhir asingebonyeza kitu, mpaka leo ingekuwa inatembea.

"Hii haina msuguano, bibi," akaniambia. "Nguvu ya kidole ndiyo inayoiondosha kete, na msuguano wa ubao ndio unaoipunguza mwendo mpaka itulie. Sasa mimi lazima niiambie kompyuta msuguano uwe kiasi gani. Nikizidisha, kete inakwama kama imetiwa kwenye unga uliokandwa. Nikipunguza, ndiyo hivyo unavyoiona, haina adabu."

Mundhir kasoma mambo ya kompyuta Dar es Salaam, akarudi kwetu na wazo la kutengeneza mchezo wa keram wa kwenye simu. Hakutaka ubao wa kubuni. Alitaka wa marehemu mume wangu, Mwinyijuma, ule uliokuwa ukitolewa barazani kila baada ya alasiri, wanne wakacheza na mtaa mzima ukasimama kuwasimanga.

Ubao ule naujua. Kingo zake ni za mninga, na kona ya upande wa mlango imelainika kwa viwiko vya watu. Nilikuwa naupangusa kwa kipande cha kanga kuukuu, kikavu, maana ukitia maji umeuua. Kisha nafunga poda kwenye kitambaa chepesi, nakigongagonga juu ya ubao mpaka lile vumbi jeupe litue sawasawa. Poda ikizidi, kete zinateleza ovyo. Ikipungua, zinagoma. Halafu natoa kahawa na kashata, halafu naingia ndani.

Kucheza, nilicheza mara moja tu, hina ya harusi ingali mikononi. Wanaume waliinuka kwenda kuswali magharibi, ubao ukabaki na kete zake. Nikakaa kwenye kigoda, nikakunja kidole, nikaipiga straika, ile kete kubwa ya kupigia. Ikagonga ukingo, ikarudi, ikaisukuma ile nyekundu, malkia, polepole mpaka shimoni. Nilipoinua uso, Mwinyijuma yuko kizingitini, amerudia tasbihi yake. Akaichukua, akatoka. Kesho yake nikaukuta ubao umetundikwa ukutani, juu, kwenye msumari ambao mkono wangu haufiki. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiuteremsha, akishauweka chini anaita, "Saleha, poda!"

Basi Mundhir alipoutoa ubao kwenye ule msumari akasema, "Nataka mtu wa kunipigia straika, nichukue video, nione nguvu ndogo inaifikisha kete wapi na nguvu kubwa inaifikisha wapi," niliinuka kama msichana. Nikavuta kigoda. Nikajifuta vidole.

"Bibi, nikupe kazi?"

"Nipe, baba."

"Tia poda. Mimi namfuata Mzee Suleimani."

Suleimani ndiye aliyesalia katika wale wa barazani. Alikuja na baiskeli yake, anaikokota zaidi kuliko kuipanda.

"Shikamoo, mzee," Mundhir akamwamkia.

"Marahaba. Ndiyo mashine yenyewe hii? Babu yako alinifunga akiwa hai, sasa wataka anifunge na kaburini?"

Akakaa kwenye kigoda nilichokivuta. Akapiga. Straika ikaenda kombo, haikugusa kitu.

"Bi Saleha, poda yako leo nzito!"

"Poda ni ile ile, Suleimani. Tazama kidole."

Akacheka mpaka akakohoa. "Lau wewe ungekuwa mchezaji, tusi hilo ningelipokea."

Nikazoa vikombe.

Ikawa Mundhir kutwa yuko mbele ya kompyuta, anaongeza na kupunguza. Alipima uzito wa kete kwenye mizani ya duka la mkabala. Kona iliyolainika akaipunguzia msuguano, kete ikipita pale ikawa inakimbia kidogo, kama inavyokimbia kwenye ubao. Hata poda hakuisahau. Akaufanya mchezo kiasi kwamba, kadiri watu wanavyocheza, poda inapukutika na kete zinaanza kuwa nzito. Mimi nilikuwa nakaa pembeni yake na ukindu wangu, nasuka mkeka, jicho kwenye kioo. Kila akigeuka nilidhani sasa atasema, bibi, hebu jaribu. Akigeuka anauliza chai.

Ningeweza kuomba, utasema. Ningeweza. Lakini mtu aliyezoea kungoja aitwe hungoja hivyo hivyo, na kila siku husema labda kesho.

Ijumaa moja, watu wametoka msikitini, Mundhir akamwita Suleimani tena. Mchezo umekwisha. Akatuonyesha kwenye simu: baraza letu, mlango wetu na nakshi zake, na picha za wachezaji wa kuchagua. Mwinyijuma na kofia yake ya viua. Suleimani na ndevu za hina. Marehemu wengine wawili, kila mmoja na jina lake chini.

"Mbona mimi umenitoa meno?" Suleimani akalalamika.

"Hukunipa ya kuchora, mzee."

Wakacheza, huyu kidole, huyu kidole. Kete zilisimama pale pale ambapo zingesimama kwenye ubao wenyewe. Kisha zikaanza kujivuta, poda imekwisha.

"Bibi, sogea. Hii nilikuficha." Mundhir akabonyeza alama pembeni.

Simu ikaita kwa sauti ya Suleimani, ambayo Mundhir aliirekodi bila mimi kujua: "Saleha, poda!"

Ukingoni mwa kioo ukaingia mkono wa mwanamke. Kanga imefunika mpaka kiwikoni, vidole vina hina, umeshika kitambaa cha poda. Ukagonga, ukagonga, vumbi jeupe likatua. Ukaondoka. Uso hauna. Jina hauna.

"Huyo ni wewe!" Mundhir anachekelea. "Mtu yeyote duniani akicheza, poda ikimwishia, anakuita wewe unakuja."

"Mashaallah," Suleimani akasema. "Mwinyijuma angefurahi."

Angefurahi, ndiyo.

Mundhir akabonyeza tena. Saleha, poda! Mkono ukaja. Mzuri, laini, hauna mshipa hata mmoja. Nikautazama wangu uliolala juu ya mkeka. Kile kidole cha kupigia, nilichojisahaulisha siku ile nilipovuta kigoda, kimejikunja kwa baridi yabisi, hakikunjuki, hata ukinipa straika leo siwezi kuipeleka popote.

"Vipi, bibi? Hukuupenda?"

"Umeupatia. Hata kugonga umekupatia."

"Sasa?"

Kidole chake kiko juu ya ile alama, tayari kuniita mara nyingine. Nikamshika mkono.

"Mimi, Mundhir, nilitaka kucheza."