Mfereji wa Seva ya Magamba

Seva ya Magamba ilikuwa imezimika tena, na Klara Shemhando alijua sababu kabla hajauliza. Mama yake alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi, nayo ikapata joto mpaka ikakata roho. Klara alimpigia simu akiwa dukani kwake Lushoto mjini, huku akimtolea mtu fotokopi ya cheti cha ubatizo.

"Shikamoo mama. Kitambaa, mama."

"Marahaba. Sasa ikae uchi sebuleni, wageni wakija?"

Seva za mchezo wa kompyuta aliousimamia zilikuwa tatu: moja chini ya meza yake dukani, moja kwa mama, na ya tatu Vuga, kwenye duka la pembejeo la Athumani, ambaye kila adhuhuri huichomoa ili achemshe maji ya chai, kisha huandika kwenye kundi la wachezaji kwamba mtandao wa leo mbovu. Mchezo wenyewe haukuwa na mwenyewe. Kampuni ya ng'ambo iliyoutunga iliuzima zamani, wapenzi wake wakaujenga upya kwa mikono yao, na wale wa Usambara wakauita Matuta, maana kazi yake ni kuchonga matuta mlimani, kuleta maji na kulima. Wachezaji walikuwa mia moja na kumi. Kulalamika walijua wote. Kumsaidia Klara hakujua hata mmoja.

Mwezi wa tatu, vilivyochimbwa kwenye seva vikaanza kuonekana ardhini. Mtaro uliochimbwa kwenye seva ya Vuga Jumatatu ulikutwa Jumanne katikati ya kabichi za Athumani. Athumani alipiga simu akiwa amefura, akitaka kujua nani kapitisha mtaro shambani kwake bila hodi, na msimamizi alikuwa wapi. Klara akaandika kanuni mpya: usichimbe kabla ya kumwomba ruhusa mwenye shamba. Ikasomwa na watu wanne.

Hapo ndipo alipomfikiria mama yake. Evelina alikuwa na miaka sabini na moja, na alikuwa akiteka maji bondeni tangu Mzee Paskali, mwenyekiti wa kamati ya maji, alipoupinda mfereji wa zamani ukaingia kwenye bustani yake ya karoti. Ndoo mbili asubuhi, mbili jioni, na kile kilima. Mwaka huu alikwisha kuanguka mara mbili, na mara ya pili goti lilivimba wiki tatu. Klara aliandika barua tano. Kamati ilijibu moja, ikamsifu kwa kuichapa vizuri.

Basi akaitisha msaragambo, siku ya kazi ya kijiji kizima, ambayo asiyefika hufuatwa nyumbani. Jumamosi alasiri wachezaji themanini na watatu waliingia kwenye seva ya Magamba kwa pamoja, zile nyingine mbili zikabaki tupu. Evelina aliambiwa aondoe kitambaa. Aliondoa, akakaa anaipepea seva kwa ungo mpaka kazi ikaisha. Walianzia ukingoni mwa msitu, juu ya bustani ya Mzee Paskali, wakauzunguka mwamba, wakashuka hadi uani kwa Evelina. Kama ilivyo desturi ya msaragambo, thelathini walichimba na waliobaki walisimama na majembe yao wakitoa maelekezo.

Jumapili Evelina alirudi kutoka kanisani akakuta mfereji uani, maji yanapita kando ya migomba. Akavua viatu, akatia miguu. Kisha akaingia ndani, akaiambia seva "Hongea," kama mtu anavyomshukuru jirani yake kwa Kishambaa, akaifunika.

Jumatatu kamati ya maji ilikaa. Hakuna aliyeuliza mfereji umetoka wapi. Muhtasari uliandika kwamba mfereji mpya umepokelewa kwa shukrani. Kwamba umechimbwa kwa msaragambo, hivyo ni mali ya kijiji. Na kwamba mali ya kijiji iko chini ya kamati. Jumanne fundi akaweka lango la chuma kule juu, na kufuli. Ufunguo ukakaa kwa mwenyekiti. Kufikia mchana uani kwa Evelina palikuwa na tope tu.

Klara aliliona lango kwenye seva siku hiyohiyo, na kufuli lake. Akalifuta. Likarudi. Akaingia kwa jina la msimamizi, ambalo lina uwezo wa kufuta mlima mzima, akalifuta tena. Kioo kikaandika: Huna ruhusa. Akaangalia mwenye lango ni nani. Alikuwa Paskali, mtu ambaye hakuwahi kujisajili na simu yake ni kitochi kisicho na intaneti. Klara akamfungia asicheze maisha yake yote, jambo ambalo halikumpunguzia mzee kitu. Alikasirika mpaka machozi yakamtoka, na wakati uleule kundi la wachezaji lilikuwa linamuuliza mbona mchezo unasuasua.

Alhamisi Mzee Paskali mwenyewe aliingia dukani na karatasi. Klara hakumwamkia. Mzee akasimama, akangoja. Mtu wa umri ule haanzi yeye kusalimu, na habari ya binti aliyemnyima salamu ingefika Magamba kabla yake.

"Shikamoo," akasema Klara.

"Marahaba, mwanangu. Nitolee nakala arobaini."

Ilikuwa ratiba ya zamu za maji. Jumatatu hadi Jumamosi, bustani ya mwenyekiti. Jumapili waligawana wengine wote. Evelina alipewa saa nne hadi saa nne na nusu asubuhi.

"Mzee, saa hiyo mama yuko ibadani."

"Najua. Mama yako ni mcha Mungu kweli," akasema mzee, na sifa hiyo ilitoka moyoni. "Ndiyo maana nimempa saa ambayo hatasukumana na watu."

Mashine ikaanza kutoa. Mzee alichukua nakala ya kwanza, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaitazama kwa makini hadi chini.

"Hapa pamefifia, kwenye jina la mama yako. Irudie."

Klara akairudia, na safari hii jina likatoka jeusi, linasomeka vizuri.