Upande wa B wa Kaseti ya Ndagala Kavu

Saa kumi kasoro dakika tano, Papa Omer alifunga chumba alichopanga kule mlimani, akashuka mpaka ziwani na kiti chake cha plastiki. Watu walikuwa wamekwisha kukaa. Mama Pélagie alikuwa anakaanga mihogo. Vijana walikuwa wameshika simu tayari, ingawa simu hazikuwahi kunasa kitu zaidi ya sauti ya maji. Wote waliingojea nyumba ianze kupiga muziki.

Nyumba ilikuwa ya Papa Omer. Ziwa lilipopanda, miaka mitatu iliyopita, lilichukua mtaa wote wa chini, na ndani ya nyumba hiyo zilibaki kaseti mia mbili na redio moja. Tangu mwaka jana, kila siku saa kumi kamili, redio ilipiga kaseti moja, ileile, ikiwa chini ya maji. Hakuna aliyeshangaa. Watu wa Kalemie walichobishania ni betri tu, ni za aina gani hizo zisizoisha.

Ilikuwa kaseti ya okestra Ndagala Kavu, vijana watano wa hapahapa waliojirekodi wenyewe katika ukumbi wa parokia, bila studio wala tajiri, wakanakili kaseti arobaini, moja baada ya nyingine. Redio za mji mkuu hazikuipiga hata siku moja. Papa Omer aliipenda kuliko zote, maana humo unasikia mvua juu ya mabati ya parokia, na mtu anakohoa kabla gitaa la solo halijaingia. Aliyekohoa ni yeye.

"Siku hizi muntu anabeba nyimbo elfu tatu kwenye kadi kama ukucha, na hajui hata moja kwa moyo," alisema, kama alivyosema jana na juzi.

"Papa, acha," alijibu binti yake Nadine, ambaye kazi yake sokoni ni kuingiza nyimbo katika simu za watu. "Nyimbo hizo njo zinatulisha."

Muziki ukaanza. Upande wa A ulichukua dakika ishirini na mbili, halafu tak, ukanyamaza. Wimbo aliokuwa akiutaka Papa Omer ulikuwa wa mwisho, upande wa B. Aliyeuimba ni mke wake, Philomène, miezi miwili kabla ya ndoa yao. Philomène alikufa kabla ya maji kupanda. Papa Omer hakuwa na sauti yake mahali pengine popote, na hata ile aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa imeanza kufifia. Hilo lilimtisha kuliko kufa.

Siku hiyo alimwendea Symphorien, mvuvi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaamka, kwa sababu wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa hili, huvua usiku na kulala mchana.

"Nipeleke pale. Kaseti haijigeuzi yenyewe."

"Papa, maji iko baridi."

"Ni nyumba yangu."

Symphorien alimpeleka mpaka juu ya bati. Papa Omer akashuka kwa miguu, ufunguo mfukoni, mpaka kizingitini. Kitasa kilikuwa kigumu, kama siku zote. Alivua viatu mlangoni.

Philomène alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya redio.

"Njo sasa unakuja?"

"Jambo, Mama Nadine."

"Miye nakungojea tangu mwaka jana. Kaa."

Omer alimwuliza kwa nini hageuzi kaseti. Philomène alichukua karatasi ya jalada akamwekea magotini. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake Omer, hati nzuri ya ujanani: majina ya wanaume watano, jina la padri aliyewaazima ukumbi, hata jina la aliyebeba ngoma. La Philomène halikuwamo. Omer mwenyewe ndiye aliyeliacha, kwa sababu ukoo wake ungesema nini, mchumba wa mtu jina lake kuzunguka katika mabaa. Alikuwa amemwahidi kuliandika katika kaseti za mara ya pili. Mara ya pili haikufika.

"Andika," alisema Philomène, akampa biki.

Aliandika vizuri, kwa P kubwa yenye mkia. Herufi zikabanduka kwenye karatasi, zikapanda moja moja mpaka darini. Akaandika tena. Mara ya nne Philomène akamshika mkono.

"Wacha. Huku wino haikai. Basi unitaje. Kule juu watakuuliza nani anaimba. Uwaambie jina yangu, mbele ya watu. Ni hiyo tu naomba."

"Nitasema."

"Hata ule mwaka uliahidi."

"Nitasema, Mama Nadine."

Philomène aliinuka kigodani. Kisha akageuza kaseti.

Wimbo wa mwisho ulimkuta Papa Omer amekwisha kupanda mtumbwini, nguo zinachuruzika. Sauti ilitoka majini changa, na kwikwi kidogo pale pale alipoikumbuka. Ufukweni Mama Pélagie aliepua karai ili mafuta yasipige kelele. Papa Omer alilia bila kujificha, jinsi alivyokuwa na hamu naye.

"Ee Papa," Symphorien alisema, "nani huyu mwanamke?"

Jina lilimfika kwenye meno. Tangu Nadine azaliwe hakuwahi kulitamka mbele ya mtu, na mdomo ulikuwa na njia yake.

"Ni Mama Nadine," alisema.

"Mama Nadine!" Symphorien aliwapigia kelele watu wa nchi kavu. Wakalipokea, wakaambiana, ni Mama Nadine, kumbe Mama Nadine aliimba hivi. Vijana wakaliandika katika simu. Papa Omer alifunika mdomo kwa mkono, akageukia maji. Wimbo ulikuwa umekwisha.

Kesho yake alifika mapema, akilirudia jina njia nzima, Philomène, Philomène. Saa kumi kamili kaseti ilianza upande wa A. Baada ya dakika ishirini na mbili ikafanya tak. Watu walingoja upande wa B, haukuja, wakabeba viti vyao.