Tope la Saa Tisa

Saa tisa kasoro dakika tano Joyness alisimamisha cherehani, akakata uzi kwa meno, akavua viatu na soksi, akatumbukiza miguu yote miwili kwenye karai la bati lililokaa chini ya meza. Alikuwa anashona kola ya shati la shule, la nne siku hiyo. Redio ya dukani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Ilipotimia saa tisa kamili, tope lilianza kutoka kwenye nyayo zake, jeusi, zito, la baridi, likapanda taratibu mpaka kwenye vifundo vya miguu, kisha likakoma. Shughuli yote ilichukua kama dakika kumi. Joyness akajipangusa kwa kipande cha gunia, akavaa viatu, akaendelea na kola.

"Leo limezidi," alisema Mama Sharda kutoka kaunta, mkono ukiendelea kupima kitambaa.

"Krismasi imekaribia, mama. Likizo ikikaribia huwa linazidi."

"Haya. Kamwage uani, basi."

Mama Sharda alikuwa mjane wa Kihindu, na duka lile la sare za shule, nyuma ya soko kuu la Moshi, aliachiwa na mumewe. Alimwajiri Joyness mwaka 2003. Siku ya kwanza tope lilipotoka aliuliza swali moja tu: je, linachafua vitambaa? Akaambiwa halichafui kukiwa na karai. Akaingia stoo akatoa karai. Tangu hapo mtulasi wake wa uani, ule mrehani mtakatifu wa Wahindu, ambao kwa miaka yote ulikuwa umekonda na yeye akiuzunguka kila asubuhi kuuombea, ulinenepa ukafika dirishani. Mwanamke mwenye akili zake hagombani na udongo mzuri.

Kwao Joyness ni Kyalemi, kijiji cha juu kabisa, vihamba, yale mashamba ya migomba ya ukoo, vinapokoma na msitu wa mlima kuanza. Wakati wa zile mvua za elinino za mwaka 1998 mwenyekiti wa mfereji wa kijiji alikuwa Mzee Elimringi. Miaka ile kila mtu alikuwa ameambiwa soko limekuwa huria, ajitafutie, na Mzee Elimringi alijitafutia samaki. Alichimba mfereji mpya kukatisha mteremko, apeleke maji kwenye mabwawa yake. Wenzake walimwambia mteremko ule haushikiki, utashuka. Akawaambia wao waendelee kula ndizi.

Mteremko ulishuka siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, watoto wakiwa njiani kutoka shule. Walikufa watu kumi na tisa. Joyness alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alikuwa amemshika mkono mdogo wake Melkior, wa darasa la kwanza, kitinda mimba wa nyumba, yule ambaye kwa desturi ndiye angebaki na kihamba cha baba. Joyness alitoka. Melkior hakuonekana tena, hata kiatu chake.

Serikali ilileta mahema na unga, na baadaye mabati. Alikuja pia bwana mmoja mwenye fomu, akaandika nyumba ngapi, ng'ombe wangapi, mashuka mangapi yanahitajika. Watoto waliotoka kwenye tope aliwatazama mikono na miguu, akawaandika kwenye safu ya wasiojeruhiwa, akapanda gari akashuka mlima.

Wiki ya pili Mzee Elimringi alileta isale. Isale ni jani refu la ule mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba. Mtu aliyekukosea akilifunga fundo akakuletea, huna ruhusa ya kulikataa hata kama amekuulia mtu. Na ukishalipokea, kosa limekwisha. Kulitaja tena ni kuvunja isale, na nyumba inayovunja isale itaona cha mtema kuni. Ni mila nzuri, tusiiseme vibaya. Imezuia watu wengi kukatana mapanga. Basi wazee wakakaa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, mbuzi akachinjwa, isale likapokelewa kwa niaba ya kijiji kizima. Watoto hawakuwepo. Walikuwa wametumwa kuchota maji.

Kuanzia siku ile Kyalemi hakuna aliyetaja maporomoko. Hawakuutaja mfereji, kwa kuwa kuutaja kungevuta maporomoko, wala Melkior, kwa kuwa kumtaja kungevuta mfereji. Anyesi, mama yake, alichukua sahani ya mwanawe akaiweka darini, na akipika alipika pungufu, bila kusema kwa nini.

Tope lenyewe halikuanza mara moja. Lilikuja miaka mitatu baadaye, watu wakiwa wameshasahau na mabati ya msaada yameshaanza kushika kutu. Joyness alikuwa anapalilia kahawa lilipotoka mara ya kwanza. Alipelekwa zahanati, mganga akatazama miguu, akaandika minyoo, akampa vidonge. Walioongozana naye siku ile kupimwa walikuwa watano, wote wa njia ile ya shule, na wote walipata vidonge vya minyoo. Mathayo, ambaye sasa anapiga debe stendi ya Bomang'ombe, tope lake hujaa mifukoni. Abiria wakipokea chenji wanaifuta kwenye suruali, safari inaendelea. Mwingine alishuka Chekereni kulima mpunga, na huko mtu mwenye tope miguuni si habari. Ndelilio hunywa gongo tangu asubuhi, kwa sababu akiwa hajalewa tope humtoka mdomoni. Watu wa Kyalemi husema vijana wa siku hizi ni wavivu wa kuoga.

Joyness alikuwa na haja moja. Alitaka kumwambia mama yake kwamba mkono wa Melkior haukumchomoka. Aliuachia mwenyewe. Tope lilikuwa limemfika kifuani, lilikuwa linamvuta, akafungua vidole. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote kwa miaka minane. Aliamini akilisema hilo mara moja tu, mama akalisikia, basi atalala usingizi kama watu wengine. Mwaka 2004, aliponunua simu, alijaribu. Alisema, "Mama, siku ile..." na Anyesi akasema, "Joyness! Isale!" akakata simu, halafu akapiga tena kuuliza kama amekula.

Wiki hiyo ya Krismasi, akifagia dukani, alimuuliza Mama Sharda, "Mama, nyinyi mtu wenu akifa asionekane, mnafanyaje?"

"Tunatengeneza mtu wa majani, tunamchoma kama maiti. Halafu tunalia."

"Mnalia wazi? Mnamtaja jina?"

"Siku kumi na tatu." Mama Sharda alimtazama juu ya miwani. "Unataka likizo ya siku kumi na tatu? Sare za Januari atashona nani?"

"Hapana, mama. Tatu zinanitosha."

Kwa kweli alihitaji kama robo saa.

Mchaga hata awe wapi, Krismasi hupanda nyumbani. Joyness alipanda tarehe ishirini na nne, na karai aliliacha Moshi kwa makusudi. Siku ya sikukuu ukoo ulikaa chini ya turubai mbele ya nyumba ya Anyesi. Palikuwa na mbuzi, machalari ya ndizi na nyama, na mbege ya kutosha. Mzee Elimringi alipewa kiti chenye mto. Mabwawa yake yalikuwa yameshakauka, lakini uenyekiti wa mfereji alikuwa bado anao, maana hakuna aliyepata sababu ya kumtoa ambayo ingeweza kutajwa.

"Shikamoo, meku," alisema Joyness.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenenepa. Mjini kuna raha, eeh?"

Saa tisa tope lilitoka. Bila karai likajiendea lenyewe, likapita chini ya mabenchi, likazunguka jiko. Watu wakainua miguu, wakaendelea kula. Wanawake wawili wakahamisha sufuria ya machalari. Kwenye tope mlikuwa na penseli, kipande cha daftari la hesabu, na yeboyebo moja ya mtoto, ya bluu, ya mguu wa kushoto. Yeboyebo ilisimama mbele ya Anyesi. Anyesi aliitazama, kisha akashika kata, akawamiminia mbege wageni ambao kata zao zilikuwa bado zimejaa.

"Udongo huu ni mzuri sana kwa migomba," alisema baba mdogo Sirili. "Kesho tuuzoe."

Joyness akasimama. "Nataka kusema habari za Melkior."

Mzee Elimringi akachungulia ndani ya kata yake.

"Mwanangu," alisema Sirili kwa upole, "isale lilipokelewa."

"Mimi sikulipokea. Nilikuwa nimetumwa maji."

Wazee wakatazamana. Hapo binti alikuwa na hoja. Wakainamisha vichwa, wakanong'ona kwa Kichaga, na mmoja akakumbuka kuwa ni kweli, siku ile watoto walienda mtoni, na ndoo moja ilipasuka. Ilikuwa kasoro, na kwa bahati nzuri kasoro ile ilikuwa na dawa. Wakamweleza Mzee Elimringi. Mzee akasema hana neno, kuomba radhi si aibu, ila magoti yake siku hizi hayamruhusu kufika mpakani. Akaomba apatikane wa kulichuma na kulipeleka kwa niaba yake. Akamtazama Anyesi, na wazee wote wakamtazama Anyesi.

Anyesi akavuka tope, akaenda mpakani, akachuma jani la isale, akalifunga fundo. Akarudi akasimama mbele ya binti yake, akalinyoosha kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa inanuka vitunguu.

"Mzee Elimringi anaomba radhi," alisema. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nakuomba, Joyness. Isale likivunjwa, nyumba itakayoumia ndiyo hii. Pokea, mwanangu."

Joyness aliona hasira, hasira mbichi, ikampanda mpaka machoni. Alitamani kumpiga yule mzee na kiti chake. Alitamani mtu mmoja tu pale ampigie kelele, hata amtukane, mradi alitaje lile jina. Lakini jani lilikuwa mikononi mwa mama yake, na isale halikataliwi, sembuse la mama. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Aika!" wakasema wazee kwa kushukuru, wakapiga makofi. Sirili akashukuru kwamba jambo lile sasa limekamilika bila kipengele kilichobaki, na akasema wale vijana wengine nao watafutwe, Mathayo na wenzake, wapelekewe ya kwao kabla ya mwaka mpya. Nyama ikagawiwa. Mzee Elimringi alipata kidari.

Jioni wageni walipoondoka, Anyesi alimkalisha binti yake kwenye kigoda nyuma ya jiko, akaja na jagi la maji ya moto na beseni. Akapiga goti, akaanza kumuosha miguu, kidole kwa kidole, kama anavyooshwa mtoto anayepelekwa kubatizwa. Tope lilikuwa bado linatoka. Siku ile halikuwa limekoma. Anyesi alimwaga maji machafu chini ya mgomba, akajaza mengine, akarudi, akaendelea kusugua. Alikuwa analia, na machozi aliyaacha tu yashuke, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Joyness alimtazama utosi, nywele zilizoanza kuwa nyeupe chini ya kilemba. Hapakuwa na mtu mwingine, wala wa kusikia.

"Mama," alisema. "Mkono wake, mimi nili..."

Anyesi alitikisa kichwa, bila ukali wowote.

"Umeshapokea, mwanangu," alisema, akamimina maji mengine.