Wanaosubiri Sehemu ya Pili

Jumatatu asubuhi mafundi wa Rénovat walikata kufuli ya Sinema Pelikani, mtaa wa Asiatique, ili wapime kuta kabla ya kuzivunja. Rénovat, mfanyabiashara wa mabati na rangi, alikuwa amelinunua jengo hilo kwa warithi waliohamia Ulaya, na alitaka kujenga mahali pake ghorofa ya maduka. Mafundi waliingia na tochi na futi ya kupimia. Ukumbi ulikuwa umejaa watu. Walikaa kwenye viti vyao wakilielekea pazia jeupe la picha, na baadhi yao walikuwa wakila karanga. Kijana mmoja wa safu ya nyuma aligeuka.

"Mufunge mulango, tafazali," akasema. "Mwangaza inaingia."

Mafundi wakatoka, wakaufunga mlango, wakampigia simu Rénovat kumwambia kwamba kazi haiwezi kuanza kwa sababu filamu haijaisha.

Rénovat alifika kabla ya adhuhuri. Alidhani ni watu wa Buterere waliohamia humo baada ya maji kuingia nyumbani kwao, kama ilivyokwisha kutokea katika majengo mengine matupu ya mjini, na njiani alikuwa amejiandaa kusema nao kwa upole. Lakini hawakuwa na magodoro wala masufuria. Vijana walivaa mashati mapana yaliyochomekwa ndani ya suruali zilizopanda hadi juu ya kiuno, na wasichana walikuwa wamesuka nywele kwa mtindo alioukumbuka kwa dada zake wakubwa. Walimweleza kwamba sehemu ya kwanza imekwisha na wanasubiri ya pili. Filamu moja, walisema, inagawanywa na sinema mbili: mkanda ukimalizika kule ng'ambo ya mto Ntahangwa, unatiwa katika mkebe wa bati, na mtu anauleta Asiatique kwa baiskeli. Mtu huyo anaitwa Djibril. Leo amekawia kidogo, jambo ambalo si kawaida yake, lakini atafika sasa hivi.

Rénovat aliwauliza wako humo tangu lini. Wakatazamana, kisha mmoja akajibu kwamba tangu saa tisa.

Habari ilienea hadi Jabe, Buyenzi na Bwiza kabla ya alasiri. Katika ile miaka ya tisini, miaka ya vita na ya bariyeri, vile vizuizi vya vijana barabarani, watu wengi walitoka majumbani wasirudi, na hakuna aliyefikiria kuwatafuta sinema. Sasa jamaa zao walikuja na vyakula, wakasimama mlangoni wakiita majina. Walioitwa waliitika kwa adabu, wakasema watarudi nyumbani filamu ikiisha. Mzee mmoja aliingia hadi katikati, akamshika mwanawe mkono. Mwanawe alimwomba asogee pembeni kidogo kwa kuwa anawaziba walio nyuma, na mzee akasogea.

Nje, wafanyabiashara wa zamani walikusanyika kwenye kivuli cha ukuta na kuikumbuka sinema yao. Walikumbuka feni zilizopiga kelele kuliko risasi za kwenye picha, na jinsi watu walivyokuwa wakimpigia miluzi mwendesha mashine mkanda ukikatika. Moubarak, muuza vitambaa wa ng'ambo ya barabara, alisema kwamba alimwona mke wake kwa mara ya kwanza humo, upande mmoja tu wa uso, kwa mwanga wa picha, na mpaka leo upande huo ndio anaoupenda zaidi. Wote walikubaliana kwamba jengo kama hilo halifai kuvunjwa. Rénovat aliwauliza ni nani kati yao aliyekuja sinema katika miaka ya mwisho kabla haijafungwa. Walifikiri, wakasema kwamba wakati huo kila nyumba ilikuwa na video.

Ni Moubarak aliyekumbuka kwamba Djibril wa baiskeli alikuwa na mke, na kwamba mke huyo yuko sokoni Jabe. Akampigia simu.

Sumaya alikuwa fundi cherehani. Djibril alipotoka nyumbani kwa mara ya mwisho, mtoto wao Asiya alikuwa bado anatambaa. Hakurudi jioni ile wala kesho yake, na hakuna mwili uliopatikana, wala baiskeli. Imamu alimwambia Sumaya asubiri. Alisubiri miaka, kisha ikasomwa hitma, akakaa eda, akatoka. Msikitini alikuwa mjane. Kwa mama mkwe wake, hadi bibi huyo alipofariki, alikuwa mke wa Djibril. Yeye mwenyewe alijibu kwa kutegemea nani aliyeuliza.

"Kuko watu huku wanasema Djibril amechelewa," Moubarak alimwambia.

Sumaya aliendelea kushika simu sikioni. Kwa miaka yote hiyo aliambiwa kwamba mume wake ametoweka, kwamba amekufa, kwamba Mungu ndiye anayejua. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amechelewa, na hakujua neno hilo aliweke wapi. Alitaka kujua wanaosema hivyo ni akina nani. Moubarak akamjibu kwamba ni wale wanaomsubiri. Sumaya alikitoa kitambaa chini ya sindano, akampigia simu Asiya kazini, na wote wawili wakaenda.

Ukumbini, mwanamke aliyekaa kando ya njia aliwasogezea miguu wapite. Alikuwa Adélaïde. Zamani yeye na Sumaya walikuwa wakisukana nywele uani Jabe, na Sumaya alimjua mara moja, kwa kuwa hakuwa amebadilika hata kidogo. Adélaïde alimtazama kwa muda.

"Mama, unafanana sana na rafiki yangu moja, Sumaya," akasema. "We ni mama yake?"

Sumaya alifikiri jinsi ya kulieleza jambo hilo, akaona ni refu.

"Ndiyo," akajibu.

"Umuambie asiogope. Bwana yake anafika."

Asiya, ambaye sasa alikuwa mkubwa kuliko baba yake alivyokuwa siku ile, alikaa karibu na Adélaïde na kumuuliza Djibril yukoje. Adélaïde alimwambia kwamba si mrefu, kwamba anapoingia huunyanyua mkebe juu ya kichwa kama mchezaji aliyeshinda kombe, na ukumbi mzima humpigia makofi, naye huinama kwa heshima kana kwamba filamu ameitengeneza yeye. Asiya alikuwa hajawahi kuyasikia hayo. Alimtazama mama yake, na mama yake akatikisa kichwa kukubali.

Tangu siku hiyo walikuja kila alasiri baada ya soko. Sumaya alizidi kuchanganyikiwa. Asubuhi alimwombea Djibril rehema kama anavyoombewa maiti, na mchana alinunua samaki kwa hesabu ya watu watatu. Alikwenda kwa imamu kumuuliza kama eda ya mwanamke inasimama ikiwa mume alikawia tu. Imamu aliomba apewe muda wa kutazama vitabuni. Sumaya akamwambia kwamba muda anao.

Rénovat kwa upande wake alitaka filamu iishe. Mkanda wa sehemu ya pili haukupatikana. Sinema ya ng'ambo ya mto ilikuwa imekuwa ukumbi wa harusi, na mashine yake ilikuwa imeuzwa kama chuma chakavu. Kijana wa duka la simu alisema kwamba anaweza kuitafuta filamu hiyo kwenye intaneti akipewa jina. Hakuna aliyelijua jina. Walisema jina hupita mwanzoni, wakati watu bado wanatafuta viti. Rénovat akakodi mashine ndogo ya picha akawaonyesha filamu nyingine, mpya, ya magari. Waliitazama hadi mwisho. Kisha wakamshukuru, wakasema ni nzuri, ila siyo yao.

Ndipo akaitwa mkuu wa mtaa.

Jovithe alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kutuliza, na watu walimpenda kwa kuwa alihudhuria misiba yote. Alisimama mbele ya pazia, akawaeleza waliokaa kwamba jengo lina mwenyewe, kwamba sheria ni sheria, na kwamba watatoka safu kwa safu bila kusukumana. Walimsikiliza mpaka mwisho. Halafu yule kijana wa safu ya nyuma, aliyeitwa Gélase, alinyanyua mkono.

"Muzee, samahani," akasema. "Uko na mutoto kijana? Munafanana sana."

Jovithe alisema kwamba ana watoto, kama kila mtu.

"Nilimuona kwa daraja. Mi ndiye niliingia wa mwisho, nilipita pale kwa bariyeri. Mutoto yako ndiye alikuwa anashika Djibril kwa shati. Walizania mule mu mukebe muko bomu. Nikawaambia apana, ni filme tu, wakaniambia mi nipite." Gélase alisema hayo bila hasira, kama mtu anayemweleza mwenzake njia. "Sasa umuambie amuachilie. Watu wanasubiri."

Ukumbi mzima ulimtazama Jovithe. Walimtazama kwa matumaini, kama wanaomtazama mtu aliyetoka kuongea na dereva wa basi lililoharibika. Rénovat aliitazama simu yake. Jovithe alisimama na mwanga wa mlango usoni, na wote waliokuwa na umri wa kukumbuka waliweza kumwona alivyokuwa kijana.

"Nitamuambia," akasema.

Wakamshukuru. Sumaya alikuwa amekaa karibu na njia, na Jovithe alipompita, yeye alifungua kinywa kumuuliza alipo mumewe. Kilichotoka ni asante, kwa kuwa watu wote walikuwa wakisema asante. Alibaki na neno hilo mdomoni, asijue lilitoka wapi.

Asiya hakusema asante. Kesho yake alikwenda kwenye ofisi ya kupeleka mashtaka, na afisa alimpokea vizuri akamkalisha. Alimuuliza kama anashtaki kifo au kuchelewa. Kwa kifo unahitajika mwili, na kuchelewa si kosa. Asiya alisema kwamba wako mashahidi, ukumbi mzima. Afisa akauliza kama mashahidi wanaweza kufika ofisini. Asiya alijibu kwamba wanaweza, filamu ikiisha.

"Basi tungoje iishe," afisa akasema.

Siku chache baadaye Jovithe alitoa uamuzi kwamba watu wa Pelikani waachwe walipo. Alisema mji usio na kumbukumbu ni kama nyumba isiyo na paa, na watu wakampigia makofi. Rénovat akabadilisha ramani. Maduka yalijengwa pande tatu za ukumbi na juu yake, na ukumbi ukabaki katikati, na mlango wake kati ya duka la dawa na duka la simu. Wateja walizoea. Jamaa za waliokaa ndani walileta chakula wanapopita kununua vitu, na yule mzee aliyemshika mwanawe mkono alipewa kiti pembeni, mahali ambapo hamzibi mtu. Sumaya alipewa nafasi ya kuweka cherehani yake karibu na mlango, kwa kuwa hata hivyo alikuwa hapo kila siku. Siku ya ufunguzi Jovithe alikata utepe na kuzungumza juu ya sinema za zamani, jinsi zilivyowaunganisha watu wa mji huu, hadi wazee wawili watatu wakafuta macho. Moubarak alikuwa mmoja wao.

Imamu alileta jibu: vitabu vinazungumzia aliyepotea, lakini aliyechelewa hajamwona humo. Alimshauri Sumaya abaki kama alivyo. Sumaya alitaka kumuuliza kama alivyo ndiyo vipi, mke au mjane, akamwona amechoka, akamtengea chai.

Mwanzoni mwa kiangazi Jovithe alikuja kwenye cherehani. Alitaka shati la harusi ya bintiye, na alisema ameambiwa kwamba hakuna anayeshona kola vizuri kama mama huyu. Sumaya alimwambia asimame wima. Alimpima mgongo, akampima kifua, akamwambia anyooshe mikono, naye akainyoosha yote miwili kama mtu anayepekuliwa.

"Mulimuweka wapi?" Sumaya akauliza.

Jovithe alitazama mbele, watu wakipita na mifuko yao.

"Mikono isikuwe mifupi," akasema. "Mi napenda ifike hapa."

Alimwonyesha mahali kwenye kifundo cha mkono. Sumaya akashika hapo kwa kidole, akaizungusha futi shingoni mwa Jovithe, akaisoma, akamwambia arudi Ijumaa.