Mimi wa Kuazima

Katika chumba kile, neno "mimi" halikuwa la Gervais. Lilikuwa la mwombaji aliyeketi kushoto kwake. Mwombaji akisema alipigwa, Gervais alisema, "Nilipigwa." Akisema alimzika mumewe, Gervais alimzika mume. Alipotaka kusema lake mwenyewe, utaratibu wa kazi ulimtaka ajitaje kama mtu wa mbali: "Mkalimani anaomba kauli irudiwe." Kinasa sauti kilizunguka mezani kikimeza yote. Miaka ya kazi hiyo ilimfunza kwamba anayeazima nafsi za watu kutwa nzima hurudi nyumbani jioni kama nguo iliyovuliwa ikaachwa sakafuni.

Ilikuwa Machi 1994. Theluji ya Toronto ilikuwa imegeuka tope la kijivu kandokando ya barabara, na Gervais aliamka akiwa amekwisha kuchoka. Mwombaji wa siku hiyo aliitwa Otilia Recinos, mwanamke mwembamba wa makamo aliyedai ametoka Huehuetenango, nyanda za juu za Guatemala, akapitia Meksiko na kukaa huko miaka kadhaa. Vyeti vyake, alisema, viliungua pamoja na nyumba. Mbele yao alikaa mwenyekiti wa baraza la wakimbizi, mama wa nywele fupi na sauti ya maktaba. Upande wa pili alikaa afisa wa kuuliza maswali, na nyuma ya Otilia alikuwapo wakili wake, Parveen, aliyevaa koti la mvua hata ndani.

Jambo lililogombewa lilikuwa rahisi kueleza. Baraza likiamini kwamba Otilia ni Mguatemala, huenda angebaki. Likiamini kwamba ni Mmeksiko, angerudishwa Meksiko, na Meksiko ingegundua upesi kwamba si wake, imsukume mpaka kwa watu waliomuua mumewe.

"Kutoka kijijini hadi mjini ulisafiri kwa chombo gani?" afisa aliuliza.

"En camión," alijibu Otilia.

"Kwa basi," alisema Gervais.

Alilisikia neno lile kama fundi anavyosikia msumari uliokosa mbao, lakini kazi yake haikuwa kusikia. Kihispania chake cha kwanza alikipata seminarini, kisha Salamanca, Hispania: lugha iliyopigwa pasi. Cha pili alikipata hapahapa, katika chumba cha kufulia nguo cha jengo lao huko North York, ambako majirani kutoka nusu ya Amerika walikuja kila mmoja na kikapu chake na maneno ya mtaa wake. Basi la Mkuba ni guagua; guagua ya Mchile ni mtoto mchanga. Mkuba mmoja alipolalamika kwamba asubuhi ameikimbiza guagua barabara nzima asiipate, bibi wa Kichile alimuuliza bila kuinua macho kwenye soksi zake, "Na mama yake alikuwa akikutazama tu?" Kwa Mmeksiko basi ni camión, na kwa Mguatemala ni camioneta. Fedha ni lana Meksiko, ni plata kusini, ni pisto Guatemala. Mtoto ana majina mengi kuliko baba zake: chamaco, patojo, cipote, pibe. Gervais aliyakusanya maneno hayo kama wengine wanavyokusanya stempu. Aliyapenda kwa sababu hayakumtaka alie.

Maswali yaliendelea. Mtoto wa Otilia alitajwa, naye alikuwa chamaco. Fedha za safari zilitajwa, nazo zilikuwa lana. Mwishowe afisa aliweka kalamu chini.

"Mheshimiwa, niliwahi kuishi Meksiko. Camión, chamaco, lana: kila neno ni la mitaa ya kule. Mama huyu anazungumza kama jirani yangu wa zamani. Naomba mkalimani athibitishe."

Parveen aliinuka nusu. "Mkalimani si shahidi."

"Simwombi maoni," alisema mwenyekiti. "Nauliza maneno tu. Hayo ni ya wapi, Bwana Mkalimani?"

Angeweza kukataa, utaratibu ulimwachia mlango wazi. Lakini aliulizwa jambo lenye jibu, na jibu sahihi ndicho kitu pekee ambacho Gervais hakuwahi kumnyima mtu.

"Mkalimani anathibitisha kwamba maneno hayo matatu, kwa matumizi hayo, ni ya Meksiko."

Na kwa kuwa kila kauli ya chumba ilipaswa kumfikia mwombaji, alimgeukia Otilia akamweleza, kwa Kihispania kilichonyooka, mkalimani alichothibitisha. Otilia alimsikiliza kwa adabu, kama anayesomewa bei ya kitu asichoweza kununua.

"Ni kweli," alisema.

"Ni kweli," Gervais alirudia kwa Kiingereza. Kwa mara ya kwanza hakuwa na hakika ni nani kati yao aliyesema.

Walipewa mapumziko. Mkalimani haruhusiwi kuongea na mwombaji nje ya chumba, kwa hiyo Gervais alikaa kwenye benchi la mbali la ukumbi na kahawa yake ya mashine. Otilia alisimama kwenye simu ya sarafu, akampigia jirani aliyemwachia mwanawe. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya chumbani. Ilikuwa imelegea, imevaa kandambili. "Vos, patojo," alisema, na Gervais akainua uso. Wewe, mtoto wee, umekula? Umemaliza maharagwe, au umempa tena chucho wa jirani? Patojo. Chucho, mbwa wa Guatemala. Yote yalikuwapo.

Kisha mlinzi wa jengo akapita, sare ya buluu, redio kiunoni. Hakumtazama yeyote. Otilia hakusita wala hakupunguza mwendo wa maneno. Katikati ya sentensi ulimi wake ulibadili nguo. "Órale, mi chamaco," alisema, kama mwanamke aliyezaliwa katikati ya jiji la Meksiko. Mlinzi alipokata kona, patojo alirudi. Otilia mwenyewe hakuonyesha kwamba kuna kilichotokea.

Kahawa ilimpolea Gervais mkononi.

Alizaliwa Uvira, Kongo. Vita vilipofika, mama yake alimvusha ziwa usiku mmoja, wakakaa Kigoma bila kibali. Sokoni kule, aliyeomba sombe alijulikana papo hapo ametoka ng'ambo, na askari hakukawia. Wenyeji waliita majani yaleyale kisamvu. "Ukienda sokoni," mama alimwambia, "ulimi wako uuache nyumbani." Akauacha, na ulimi ulipoachwa sana ulisahau njia ya kurudi. Mkewe Générose, aliyetoka Uvira kwa ndege akiwa mtu mzima na hakuwahi kumficha mtu lugha yake, alimwita Bwana Kisamvu, na alipokasirika alimwita hivyo mbele ya wageni.

Waliporudi chumbani, Gervais alisubiri kinasa sauti kianze kuzunguka.

"Mkalimani anaomba kuongeza jambo kwenye jibu lake."

"Kuhusu maneno yale?" aliuliza mwenyekiti.

"Kuhusu maneno yale. Jibu lilikuwa sahihi, ila halikutosha. Mimi..."

Mwenyekiti alikiinamia kinasa sauti.

"Samahani. Kwa ajili ya kumbukumbu, nani anasema 'mimi'? Mwombaji au mkalimani?"

"Mimi," alisema. "Gervais."

Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayetaja vituo vya reli. Uvira, ziwa, Kigoma, jina la mboga. Alisema kwamba ni karibu miaka thelathini, na mpaka leo akimwona mtu mwenye sare husema kisamvu. Alisema kwamba Waguatemala wanaopita Meksiko kwa kificho hujifunza maneno ya Meksiko kwa sababu hiyohiyo, na kwamba yeyote anayeishi nao mjini hapa analijua hilo. "Camión inatuambia Bi. Otilia alijificha wapi," alisema. "Alikozaliwa haituambii." Habari za simu hakuzitoa, hazikuwa zake.

Afisa aliitazama kalamu yake. Mwenyekiti aliandika mistari miwili.

"Bwana Gervais," alisema hatimaye, "ulichotoa ni ushahidi, na mkalimani hawezi kuwa shahidi. Sina budi kuahirisha. Kikao kijacho kitakuwa na mkalimani mwingine, na itabidi niandikie ofisi yako." Akamgeukia wakili. "Kama unaye mtu wa kusema haya kwa kiapo, mlete." Parveen alikuwa ameshaanza kuandika.

Gervais alimtafsiria Otilia yote hayo, pamoja na sehemu ya kuondolewa kwake. Ilikuwa tafsiri nzuri, haikudondosha kitu.

Kwenye lifti walijikuta wawili tu. Sasa hakukuwa na katazo. Otilia alitazama namba za ghorofa zikishuka, kisha akamtazama yeye, na kwa sauti ile ya kandambili akamuuliza, "¿Y vos de dónde sos, pues?" Na wewe, kwani wa wapi? Milango ikafunguka. Parveen alikuwa akimwita kutoka chini ya ngazi, na Otilia akaenda bila kungoja jibu.

Nyumbani, Générose alikuwa jikoni, bado na sare ya nyumba ya wazee alikofanya kazi.

"Baba Darlène, leo mapema! Wamekufukuza?"

"Huenda."

Alimchungulia kuona kama ni mzaha, akaona si mzaha. "Bon," alisema. "Vua viatu kwanza, unaniletea tope. Tutaongea ukishakula."

Darlène, binti yao, alikuwa mezani, vitabu vyake vya shule vimesukumwa kando ya sahani. Sufuria ilikuwa katikati, majani yamepondwa na kupikwa kwa mawese mpaka yakang'aa. Gervais aliketi. Alichota ugali, akanyoosha mkono.

"Nisogezeeni sombe," alisema.

Mwiko wa Générose ulisimama hewani. Darlène aliinua macho, akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, "Baba, si huwa unasema kisamvu?"

"Huwa," alisema Gervais, mkono bado umenyooka.